Fizikia Ukambani: Msomi ageukie wapi?

MWANAFUNZI wa shahada ya fizikia katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU), huko Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui, hukabiliwa na swali ambalo ratiba ya mihadhara haimjibu. Akishamaliza mekanika, umeme na sumaku, ajifunze nini zaidi?

Wengi huelekea ualimu. Ni njia ya heshima, ila shahada pekee haimhakikishii mhitimu ajira ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Wengine huvutiwa na elimu ya nyota, ingawa darubini zake kubwa zi mbali na Ukambani.

Ilhali jibu mojawapo limo chini ya nyayo zao. Sehemu kubwa ya Kitui na Makueni imekalia miamba mikongwe, migumu, inayohifadhi maji katika nyufa na katika tabaka la juu lililolainika. Kabla ya kisima kuchimbwa, mtaalamu hupitisha mkondo wa umeme ardhini na kupima ukinzani, kwani mwamba wenye maji hupitisha umeme kwa wepesi kuliko mkavu. Tatizo ni kwamba maji ya chumvi, wanayoyajua vyema wenyeji, nayo hupunguza ukinzani. Udongo wa mfinyanzi vilevile. Asiyeweza kutofautisha hayo huwaachia wanakijiji shimo kavu au maji yasiyonyweka, na fedha za harambee zimekwenda.

Jiofizikia, basi, ikiambatana na jiolojia na hesabu za kuchanganua vipimo, yastahili kuteuliwa mapema, wala si katika mwaka wa mwisho. Hata hivyo, vifaa hivyo ni ghali, na idara isiyo navyo humfundisha mwanafunzi ukinzani wa ardhi ubaoni.