Waya wa dola kumi kwa muziki wa Goma

Kijana anayeingia studio ya Goma kujifunza kutengeneza biti anafundishwa programu: bonyeza hapa, vuta pale, ongeza ngoma, punguza besi. Hakuna ubaya. Mji huu umetoa wasanii wanaosikika mbali, Innoss'B akiwa mbele yao, ambaye remix ya "Yope" aliyoifanya na Diamond Platnumz mwaka 2019 ilivuka mipaka mingi kuliko wafanyabiashara wetu. Lakini kuna somo ambalo kijana huyo hapewi, nalo ni namna ya kutengeneza kwa mikono yake kifaa kinachounganisha chombo kimoja na kingine. Naona somo hilo linastahili nafasi sawa na programu. Ushahidi wake bora unatoka mahali ambapo wengi hawangeutafuta: kwa watu wa Ulaya, Marekani na Japani wanaofufua sampla za miaka ya 1980 na kuziunganisha na kompyuta za leo kwa viunganishi walivyolehemu wenyewe nyumbani.

Sampla ni mashine inayonasa kipande kifupi cha sauti, iwe mlio wa ngoma, neno la mtu au mstari wa gitaa, ikakigeuza kuwa namba, kisha ikakicheza tena juu au chini kadiri kidole kinavyogusa. SP-1200 ya kampuni ya E-mu, iliyotoka mwaka 1987, ilibeba sekunde 10 tu za sauti kwa ubora wa biti 12, na bado hip hop ya New York ilijengwa juu yake kwa sehemu kubwa. Akai S1000 ya mwaka 1988 ilifika biti 16 ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 2, yaani takribani sekunde 24 za sauti ya mkondo mmoja. Mashine hizi zilihifadhi kazi kwenye disketi. Sony iliacha kuuza disketi mwaka 2011, kompyuta mpya hazina tundu la kuzisomea, na hata ukipata kisomeo cha zamani, Windows haielewi diski ya Akai kwa sababu Akai ilipanga data kwa utaratibu wake yenyewe. Matokeo yake ni mashine nzima kabisa, vitufe vyake vizima, sauti yake nzima, ambayo hakuna kinachoweza kuzungumza nayo. Inatupwa ikiwa hai.

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni MIDI, ile soketi ya pini tano iliyo nyuma ya karibu kila kinanda cha zamani. Hapa hesabu inafundisha kuliko maelezo. MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde. Kila baiti hutumia biti 10, kwa hiyo baiti 3,125 ndizo zinazopita. Utaratibu wa kuhamisha sauti kupitia waya huo huigawa kila namba ya biti 16 katika baiti 3, na kufunga namba 40 katika kifurushi cha baiti 127. Ukipiga hesabu, sekunde moja ya sauti yenye ubora wa CD inasafiri kwa takribani sekunde 45. Kuijaza S1000 ya megabaiti 2 ni karibu dakika 18, na umeme ukikatika dakika ya 17 kazi yote imepotea, maana kumbukumbu ya mashine hiyo haishiki kitu bila umeme. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo. Ndiyo sababu mafundi wa nyumbani wakaacha MIDI ifanye kazi yake ya kupeleka noti, na sauti wakaitafutia njia nyingine. Kwa mashine zenye kadi ya SCSI, njia ya zamani ya kuunganisha diski ngumu, wametengeneza bodi kama BlueSCSI, ambayo michoro yake iko wazi kwa yeyote na ambayo toleo lake la pili linaendeshwa na Raspberry Pi Pico, kompyuta ndogo iliyoingia sokoni Januari 2021 kwa dola 4. Sampla inadhani imeunganishwa na diski ngumu, kumbe ni kadi ya kumbukumbu kama ya simu. Kwa mashine zenye disketi tu kuna Gotek, kisanduku cha China kinachokaa mahali pa kisomeo cha disketi na kupokea flashi ya USB. Kilikusudiwa mashine za viwandani, zikiwemo cherehani za kudarizi zinazoendeshwa kwa kompyuta, hadi mtengeneza programu Keir Fraser alipoandika programu huria ya FlashFloppy inayokifanya kielewane na sampla nyingi.

Jambo la kushangaza si werevu wa watu hawa. Ni kwamba waliweza. Waliweza kwa sababu mwaka 1983 makampuni yaliyokuwa yakishindana, ya Marekani na Japani, yalikubaliana juu ya MIDI na kuichapisha kanuni yake; na SCSI nayo ikawa kiwango kilichoandikwa rasmi mwaka 1986. Kanuni iliyochapishwa haizeeki pamoja na kampuni. E-mu ile ya zamani haipo tena, na Akai iliyotengeneza S1000 imebadilisha wenyewe, lakini kijana mwenye mchoro na pasi ya kulehemu hahitaji ruhusa ya yeyote kuzungumza na mashine zao. Linganisha na programu zinazokodishwa kwa mwezi, zinazotaka kadi ya benki ya kimataifa na intaneti ya kuthibitisha leseni. Mwishoni mwa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ya Congo ilikata intaneti nchini kwa karibu wiki tatu. Mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Sitaki kuingia katika siasa ya mambo hayo hapa. Ninachosema ni kwamba mwanamuziki ambaye chombo chake kinafanya kazi kwa idhini ya seva iliyo California anajenga juu ya ardhi ya mtu mwingine, na mji huu umeona mara nyingi namna ardhi hiyo inavyoweza kuondolewa ghafla.

Atakuwepo wa kusema kwamba mambo haya ni ya wazungu wenye muda na pesa. Historia ya Congo inamkatalia. Konono N°1, bendi ya Kinshasa iliyoanzishwa na Mawangu Mingiedi, ilipiga likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kwa umeme kwa kutumia maikrofoni zilizoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari, na albamu yake ya mwaka 2004, Congotronics, ikawafikia wasikilizaji ambao hawakuwahi kusikia likembe maishani. Mlio ule wenye mikwaruzo, uliosifiwa Ulaya kana kwamba ni ubunifu wa maabara, ulitokana na haja ya kusikika juu ya kelele za mji mkubwa. Kundi la KOKOKO!, la Kinshasa pia, lilitoa albamu Fongola mwaka 2019 likitumia ala zilizoundwa kwa vitu vilivyotupwa. Na hapa kwetu, katika mtaa wa Birere, mafundi wanaofungua simu kutwa nzima tayari wanavishika vipande vinavyohitajika. Kiunganishi cha MIDI kinataka soketi ya pini tano, rizista chache, diodi moja, bodi kama Pico, na kijisehemu kinachopitisha ishara kwa mwanga ili umeme wa chombo kimoja usiguse wa kingine. Kwa bei za nje, kabla ya usafiri, vyote pamoja haviendi mbali na dola 10. Kijisehemu hicho cha mwanga kina ndugu yake ndani ya chaja nyingi za simu, PC817. Lakini ukikitoa huko na kukitia kwenye MIDI, kinanda kitaanza kuruka noti, kwa sababu kanuni inadai ishara ipande na kushuka ndani ya mikrosekunde 2, na PC817 haina kasi hiyo. 6N138 ikiwekewa rizista zinazofaa ndiyo inayozoeleka kwa kazi hii. Fundi wa Birere ana mikono inayoweza kubadilisha kipande hicho kwa dakika chache. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia namba hiyo 2, na kwa nini.

Hoja nzito zaidi ni hii: kompyuta ya mkononi iliyotumika, yenye programu ya kawaida, inafanya yote ambayo S1000 ilifanya na mengine elfu. Kweli tupu. SP-1200 iliyotolewa upya mwaka 2021 iliuzwa dola 3,999, na sidhani kuna sababu ya mtu yeyote wa Goma kuitamani. Wanaosifu utamu wa biti 12 wana haki na masikio yao. Mimi siuzi utamu huo. Lakini hoja hiyo inajibu swali ambalo sikuuliza. Sisemi tununue sampla. Nasema tujifunze kile ambacho sampla zimewalazimisha wengine kujifunza, kwa sababu vyombo tunavyovitumia sasa vitafika pale zilipofika zile, na havitachukua miaka 40. Vinanda vilivyo makanisani mwetu, vingi vilivyokuja vikiwa vimeshatumika, vina soketi hiyohiyo ya pini tano, na baadhi ya vile vya miaka ya 1990 vina kisomeo cha disketi. Kisomeo kikifa, mitindo na nyimbo alizozipanga mpiga kinanda zinakufa nacho, na kanisa linachangisha pesa za kinanda kingine ilhali Gotek moja ingetosha. Zaidi ya hayo, kijana aliyewahi kuhesabu baiti 3,125 kwa mkono anaelewa kwa nini sauti yake inachelewa kwenye kompyuta, kwa nini faili linakwaruza, na kwa nini programu inakwama, kwa namna ambayo vitufe haviwezi kumfundisha.

Kuna pia wanaoona aibu kuzungumzia mashine za muziki katika mji uliojaa wakimbizi. Naiheshimu aibu hiyo, ila siifuati. Rubaya, huko Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia, madini yanayoingia katika kapasita ndogo za simu, kompyuta na vyombo vya sauti. Yanapita mlangoni kwetu kama mchanga na kurudi kama bidhaa iliyofungwa kwa skrubu. Shule inayomfundisha kijana wa Goma kapasita ni nini, inafanya nini na inaharibika vipi inamgusa karibu zaidi kuliko mijadala mingi kuhusu madini, na muziki ni njia ya bei nafuu ya kuanzia, maana kosa linasikika papo hapo na halimuui mtu. Mkono uliolehemu kiunganishi cha MIDI ni uleule utakaotengeneza kidhibiti cha paneli ya jua.

Kisha kuna suala la kumbukumbu, ambalo wapenzi wa muziki wanalisahau. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita ukingoni mwa msitu wa Ituri akirekodi muziki, ukiwemo wa Wanande. Rekodi hizo zinasikika leo kwa sababu zilitunzwa katika maktaba nchini Afrika Kusini, na kwa sababu kulikuwa na watu waliozihamisha kutoka utepe hadi CD. Goma haina bahati hiyo. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002, na vilivyosalia vimetawanyika katika kaseti, disketi na MiniDisc zilizo kwenye makabati ya redio, kwaya na studio, zikiliwa na ukungu. Kila aina ya vyombo hivyo inahitaji kiunganishi chake, na vingi vya viunganishi hivyo haviuzwi tena dukani. Wa kuvitengeneza ama atakuwa hapa, ama sauti zitapelekwa nje kwa mwenye vifaa, kama zilivyopelekwa mwaka 1952.

Pingamizi ninalolikubali bila kusita ni la taka. Akitokea mfadhili wa kutuletea kontena la vyombo vichakavu kwa jina la ufundi, akataliwe. Vilivyopo vinatosha kwa miaka mingi ya masomo. Na hata hivyo vilivyopo vina hatari yake. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani kinataka volti 100, cha Marekani 120, na ukutani kwetu ni 220. Kukichomeka bila transfoma ni kukichoma, na kapasita zilizozeeka zinaweza kupasuka usoni mwa mtu. Kwa hiyo somo la kwanza liwe la usalama, la pili la kupima kwa mita, na kompyuta ije baadaye.

Mahali pa kufundishia pako. Foyer culturel ina wanafunzi wa muziki, Yole!Africa imefundisha vijana sinema na sauti kwa miaka zaidi ya 20, na Birere ina mafundi ambao hawajawahi kualikwa kwenye jengo lolote kati ya hayo kama walimu. Hao wa mwisho ndio ningewalipa kwanza. Mwanamuziki aje na kinanda kilichonyamaza, fundi aje na pasi yake, na katikati yao awepo mtu mmoja anayesoma Kiingereza cha michoro hiyo na kukiandika kwa Kiswahili na Kifaransa, kwa sababu hicho ndicho kizuizi halisi kuliko bei ya Pico. Mchoro wa kupokea MIDI unaingia kwenye karatasi moja. Kuuchapisha nakala 100, pamoja na maelezo ya mikrosekunde 2 na onyo la volti, ni kazi ya asubuhi moja kwenye duka lolote la fotokopi lenye jenereta.