Biashara kwa Maskini: Iwainue, Isiwakaushe

Sisi tunaosoma falsafa hapa seminarini tumezoea kusikia majibu mawili juu ya umaskini. Wengine husema dawa ni sadaka. Wengine husema dawa ni biashara: mpelekee maskini bidhaa na huduma anazozimudu, naye atainuka. Mwaka 2004 C. K. Prahalad aliandika kitabu akizihimiza kampuni kubwa ziwaone maskini kama wateja. Hoja hiyo ina ukweli, ila haijakamilika.

Ukweli wake tunauona. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, mtu asiye na akaunti benki aliweza kumtumia mama yake fedha kijijini bila kumkabidhi kondakta bahasha. Kampuni ilipata faida, na maskini naye alipata.

Lakini tukitembelea jumuiya ndogondogo siku za utume, tunakutana na upande wa pili. Mama muuza vitumbua amechukua ule mkopo ambao watu wenyewe wanauita “kausha damu”. Anarejesha kila siku. Akikosa, wanakuja kubeba meza, sufuria, hata godoro. Hiyo nayo ni biashara inayowafikia wenye kipato kidogo!

Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama biashara inawafikia maskini. Tuulize: baada ya mwaka mmoja, mama huyu ana nini ambacho hakuwa nacho? Ana mtaji wake, au ana deni kubwa zaidi?

Kanisa si geni katika jambo hili. Katika karne ya 15, Wafransisko nchini Italia walieneza Monte di Pietà, mifuko iliyowakopesha maskini kwa rehani ili kuwaokoa na riba kubwa. Walipingwa hata kwa kutoza kiasi kidogo cha kugharimia uendeshaji, mpaka Mtaguso wa Tano wa Laterano ulipokubali jambo hilo mwaka 1515. Naye Papa Benedikto XVI, katika waraka Caritas in Veritate wa mwaka 2009, alitambua kampuni ambazo hazikatai faida, bali huifanya chombo cha kumtumikia mwanadamu.

Wapo watakaosema padre abaki altareni, fedha awaachie wengine. Ni kweli hatuitwi kuwa wafanyabiashara. Lakini mama yule anakuja Misa akiwa na deni lake, na tukinyamaza, anayemfuata nyumbani ni mkopeshaji. VICOBA na SACCOS zipo tayari. Wanachama huweka akiba, hukopeshana, na faida hurudi kwao. Parokia inaweza kutoa ukumbi, kuhimiza uaminifu, na kuwaomba waamini wahasibu wafundishe kutunza vitabu vya hesabu.

Nasi waseminari tujifunze kusoma mkataba wa mkopo kama tunavyojifunza kumsoma Aristotle. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwe cha mama mwenyewe.