Dawa za Mama Zimebaki Ngapi?

Ndugu msomaji, ukimpigia mama simu jioni ya leo, mkishamaliza salamu na habari za nyumbani, muulize na hili: dawa za presha zimebaki ngapi?

Wagonjwa wengi wa presha hawakwami mwanzoni. Mtu anapimwa, anakutwa na 160 kwa 100, anaogopa, anameza dawa. Mwezi unapita, kipimo kinashuka, naye anajiambia amepona. Hajapona. Presha imeshuka kwa kuwa dawa inafanya kazi. Akiiacha itapanda tena, mara nyingi bila dalili yoyote, mpaka siku mkono mmoja unapoishiwa nguvu na mdomo kupinda. Hicho ni kiharusi. Moyo na figo navyo huumia kimyakimya vivyo hivyo.

Wengine huacha kwa sababu dawa inawasumbua. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu, na enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa, ila lazima aambiwe. Na tafadhali, tusiazimane vidonge na majirani. Kinachomfaa mmoja huweza kumdhuru mwingine, hasa mjamzito.

Nanyi wahudumu wetu wa kliniki, nawaombeni jambo. Foleni ni ndefu, tunaiona. Lakini bibi aliyetoka kutembea juani kutoka kituo cha daladala, akafungwa mkanda wa kipimo juu ya sweta huku akijibu maswali, hapati namba ya kweli. Apumzike dakika 5. Aegemee kiti, miguu ikanyage sakafu, mkono uwe wazi na ulazwe usawa wa moyo, mazungumzo yasubiri. Namba hiyo ndiyo itakayoamua kama ataongezewa dawa za kumeza kila siku.

Chumvi nayo ni kazi ya nyumba nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi na viungo vya pakiti. Kumpikia mama chungu chake peke yake ni kumtenga, tupunguze sote.

Basi mtumie nauli kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, na umsihi aende hata kama siku hiyo anajisikia mzima kabisa.