Anayeshtaki Ndiye Anayechapwa

Uonevu wa mtandaoni kati ya wanafunzi ukitajwa kwenye kikao chochote cha wazazi, iwe Ipinda au Kyela mjini, hukumu huwa imeshaandikwa kabla kesi haijasomwa: mkosaji ni simu. Simu imeharibu watoto, simu ipigwe marufuku, simu ivunjwe mbele ya paredi. Kisha kikao kinafungwa, na watu wazima wanatoka ukumbini kila mmoja akiwa ameinamia simu yake. Napinga hukumu hiyo. Sitetei simu darasani. Nasema kwamba marufuku yetu, kwa namna tunavyoitekeleza, imemziba mdomo mtoto anayeonewa na kumpa kinga anayemwonea.

Tutazame mambo yanavyokwenda. Kyela ni wilaya ya mpunga na kakao, na watoto wengi hawana simu zao. Mtoto hutumia ya mama akisharudi shambani, ya kaka anayeendesha bodaboda kwenda Kasumulu mpakani, au ya shangazi anayeuza samaki Matema. Bando likiwepo, usiku huo anaingia kwenye kundi la darasa. Chukua mfano wa binti wa kidato cha tatu. Mtu anachukua picha yake kwenye stetasi ya dada yake, anaiandikia maneno machafu na kuitupia kundini saa nne usiku. Asubuhi hakuna mwanafunzi aliyebeba simu, marufuku inafuatwa kikamilifu, lakini darasa zima limeshaiona picha. Akisimama kujibu swali, wanacheka. Mpaka wakati wa uji ameshapewa jina jipya.

Aende kwa nani? Akimfuata mwalimu, swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: "Wewe umeionaje? Simu umeitoa wapi?" Hapo kesi imeshageuka. Aliyekuja kushtaki amekuwa mshtakiwa, na faili lake linakwenda kwa mwalimu wa nidhamu badala ya mwalimu wa unasihi. Akimwambia mama, ananyang'anywa simu na kuulizwa kwa nini alikubali kupigwa picha. Watoto hawahitaji kufundishwa hesabu hii. Wanaiona kwa wenzao mara moja tu, na baada ya hapo wananyamaza. Sisi tunauita ukimya huo nidhamu.

Tabia hii haikuanzia kwa mwalimu mmoja wa kijijini. Oktoba 2019, upande wa pili wa mkoa wetu, katika Shule ya Sekondari Kiwanja wilayani Chunya, mabweni yaliungua. Aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, alifika na kuwachapa viboko wanafunzi 14 waliodaiwa kukutwa na simu na kuhusishwa na moto ule. Rais John Magufuli alimpongeza hadharani. Kuchoma mabweni ni kosa kubwa, na sina la kulitetea. Lakini angalia jinsi taifa lilivyopata habari ile: kwa video, iliyopita kutoka simu hadi simu, ikiwaonyesha wanafunzi wamelala chini wakichapwa. Watoto waliambiwa simu ni sumu, huku simu za watu wazima zikisambaza fedheha yao nchi nzima. Kama kumdhalilisha mwanafunzi kwa video ni uonevu, basi somo la siku ile lilitolewa na sisi wakubwa, na lilieleweka vizuri.

Wanaosema simu ni adui mtupu wakumbuke pia Oktoba 2016. Video iliyopigwa katika Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya iliwaonyesha walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi kwa makofi, mateke na fimbo. Video ilisambaa, serikali ikaingilia, na walimu wale wakachukuliwa hatua. Bila kamera ya simu, lingebaki neno la mtoto dhidi ya neno la mwalimu, na sote tunajua neno la nani hushinda. Simu ile ilikuwa shahidi. Hata hivyo sura ya mtoto yule ilisambaa kama zilivyosambaa za wale wa Kiwanja, na wengi waliomhurumia ndio walioendelea kuituma. Chombo kilichombeba shahidi ndicho kilichombeba mtoto akiwa amedhalilika. Anayetaka sera ya haki lazima aanzie hapo, kwenye mambo hayo mawili kwa pamoja.

Sheria ipo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Ni sheria ya watu wazima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo, na mkulima wa mpunga wa Kyela hana milioni 5 za kulipia ujinga wa mwanawe. Kesi ya wanafunzi wawili wa kidato cha pili haitafika mahakamani, na sidhani kama inapaswa kufika. Mahali pake ni shuleni na nyumbani, palepale tulipoifungia mlango. Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Ni jambo jema. Lakini tunamwambia mtoto wa bweni apige simu, kisha tunamchapa akikutwa na simu.

Na tusidanganyane kwamba kundi la rika lisilo na mkubwa ndani yake ni balaa lililoletwa na intaneti. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi kwa Wanyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, *Good Company*, jinsi wavulana wa pande hizi walivyotoka kwa wazazi wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, wakajenga vibanda vyao na kulala rika kwa rika. Usiku walikuwa peke yao, kama kundi la darasa lilivyo peke yake saa nne usiku. Lakini kula walikula kwa mama zao, wakizunguka nyumba kwa nyumba, na mchana walikuwa mbele ya macho ya wakubwa. Aliandika pia juu ya imani ya "pumzi ya watu": kwamba manung'uniko ya wengi huweza kumletea mtu baridi na maradhi, na kwamba hasira iliyofichwa ni ya hatari kuliko iliyosemwa. Si lazima uiamini imani hiyo. Inatosha kumtazama binti anayeingia darasani baada ya usiku ule, ukajua wazee wale walikuwa wanasema nini.

Najua jibu la walimu. Darasa lina watoto wengi, simu huvuruga masomo, huleta picha chafu, na mlango ukifunguliwa kidogo watapita wote. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana siombi marufuku ifutwe. Naomba tutenganishe kosa la kuwa na simu na kosa la kumtesa mtu kwa simu. Kanuni ya shule iandike waziwazi kwamba anayeleta ushahidi wa uonevu haadhibiwi kwa jinsi alivyoupata. Simu iliyokamatwa isivunjwe: ni mali ya mzazi, na ndani yake huenda ndimo ulimo ushahidi wa mtoto mwingine. Kesi isikilizwe na mwalimu wa unasihi, wazazi wa pande zote wakiwepo. Na aliyetukana kundini aombe radhi kundini, kwa jina lake, mbele ya walewale waliocheka. Radhi inayoombwa ofisini, mlango ukiwa umefungwa, haimfikii aliyecheka usiku.

Kuna sehemu moja ambayo kanuni ya shule haitaifikia, nayo ni sisi tuliosoma. Simu anayoazima mwanafunzi ni ya kwako, kaka. Stetasi iliyochukuliwa picha ni ya kwako, dada. Video ya mtoto anayechapwa, anayelia au anayezomewa ilikufikia wewe kabla haijafika Kyela, na wewe ndiye uliyeongeza vicheko viwili ukaisukuma mbele. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na mtoto anayeficha aibu yake hapati msaada. Lakini nani atathubutu kumfunulia shida yake mtu aliyekwisha kumwona akimcheka mtoto mwingine?