Bunduki isiyo na kazi si mali

Mkoani Mara mali inafahamika: ng'ombe, shamba, na kwa watu wa Musoma na mwambao wa Ziwa Victoria, mtumbwi na nyavu. Hata hivyo, wapo wanaoihesabu bunduki nayo kuwa akiba, kitu cha kununua leo, kukificha na kukiuza kesho kwa bei nono. Fikra hiyo ni ya hatari. Bunduki ni zana. Uhalali wa kukaa nayo unatokana na kazi yake, na kazi ikiisha, iondoke nyumbani.

Watetezi wa akiba hiyo huweza kuitaja Marekani. Ni kweli kwamba mwaka 1986 sheria ya huko ilizuia raia kusajili bunduki mpya za rashasha, na bei ya zile zilizosajiliwa kabla ikapaa. Lakini faida hiyo ilizaliwa na uhaba uliowekwa na sheria, ndani ya soko lenye wanunuzi wengi wenye ruhusa. Kwetu Tanzania, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mtu haruhusiwi kumiliki silaha bila kibali, na anayeinunua kwake naye lazima awe nacho. Wanunuzi halali ni wachache, hivyo anayesubiri bei kubwa ataipata gizani, kwa mtu asiyetaka jina lake liandikwe popote. Mara inajua gharama ya biashara hiyo. Silaha zilizosambaa baada ya vita vya Uganda vya 1978–1979 zilichochea wizi wa mifugo wa miaka ya 1980. Ng'ombe huzaa bila kumdhuru jirani. Bunduki ya magendo hupanda thamani kadiri jirani anavyozidi kuogopa.

Hoja nzito zaidi inatoka Bunda, katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti. Tembo wanapomaliza shamba kwa usiku mmoja, mkulima ana haki ya kuuliza atajilinda kwa nini. Swali hilo ni la haki, ila linahusu zana, si akiba. Na hata kama zana, gobore halimfai: humjeruhi tembo bila kumwangusha, naye aliyejeruhiwa huwa hatari zaidi kwa atakayekutana naye. Jibu la kweli ni askari wa wanyamapori wanaofika kwa wakati, pamoja na malipo ya kifuta jasho na kifuta machozi yasiyocheleweshwa. Serikali inayomnyima mkulima bunduki inadaiwa ulinzi huo kikamilifu.

Wengine watasema gobore la babu ni kumbukumbu ya ukoo. Heshima hiyo inastahili kulindwa, lakini kumbukumbu haihitaji mtutu unaoweza kufyatua. Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, ushahidi kwamba historia hutunzwa vizuri zaidi mahali pa wazi, ambapo kila mtoto anaweza kuiona na kuelezwa. Silaha iliyofichwa uvunguni haimfundishi mjukuu chochote, na mwizi anaweza kuifikia kabla yake.

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa wa kusalimisha silaha haramu bila adhabu. Tangazo la msamaha likitolewa nchini, wazee wa mila, viongozi wa dini na wenyeviti wa vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama walipeleke kila kaya. Mwenye bunduki na kazi halali aifuate sheria. Asiye na kazi nayo aipeleke polisi.