Sabuni iingie katika hesabu ya shimo

Hapa Likasi, kutoka Kikula mpaka Shituru, hatukosi kumujua mutu mwenye muguu moja uliovimba kupita mwingine. Anavaa suruali ndefu hata kwenye joto la mwezi wa kumi. Mabuti ya mpira anayavaa asubuhi, anayavua usiku wakati watoto wamelala. Sisi tunaoishi na wachimbaji tunajua juu ya nini. PDG wa shimo akiona ule muguu, atasema bwana apumzike kidogo, kiisha nafasi yake inapata mutu mwingine. Basi anaficha. Na mule mu kuficha ndimo muguu unaharibika.

Waganga wanauita ugonjwa huu limfedema. Mwilini kuna mishipa midogo, si ile ya damu, yenye kukusanya maji yanayobaki kwenye nyama na kuyarudisha kwenye damu. Ikiharibika, maji yanabaki chini, muguu unavimba, na miaka ikipita ngozi inakuwa ngumu. Kinachoiharibu si kitu kimoja. Kuna minyoo ya filaria inayoletwa na mbu, ile ile inayowapa wanaume busha. Kuna vidonda vinavyorudi-rudi. Kuna bamama waliopasuliwa kwa kansere ya ziwa, wao mukono ndio unavimba. Hata udongo unaweza: huko Kamwenge, Uganda, mwaka 2015, uchunguzi ulionyesha kwamba miguu ya wale watu haikuvimba kwa mbu, ni udongo wa volkano ulioingia kwenye ngozi ya watu waliolima miaka mingi bila viatu. Udongo wetu wa shaba si ule, tusichanganye. Tena kuna miguu inayovimba sababu ya moyo ao figo, na dawa yake ni ingine kabisa. Kwa hiyo munganga aangalie kwanza.

Lakini nyumbani tunasikia nini? "Ule alikanyaga dawa." Kiisha anapelekwa kuchanjwa na nyembe ili maji mabaya yatoke. Hapo tunakataa kabisa. Kila chanjo ni mulango mupya wa mikrobe, na muguu wa namna hii hauna nguvu ya kupigana na mikrobe.

Mara nyingi mikrobe zinapita katikati ya vidole, pale ngozi inapopasuka na kuoza kwa sababu ya buti yenye maji siku nzima. Siku moja mutu anatetemeka, homa inapanda, muguu unakuwa mwekundu na moto. Anameza dawa ya malaria, analala siku tatu, anarudi kazini. Tumeona hiyo mara ngapi! Kumbe ilikuwa muguu. Na kila shambulio la namna hii linaharibu mishipa zaidi, muguu unaongezeka. Homa ikikuja pamoja na muguu kuwaka, nenda kwenye centre de santé upewe antibiotike. Muguu uinuliwe juu, uwekewe kitambaa cha maji baridi, usifungwe kwa nguvu.

Siku zingine zote kazi ni ya sabuni. Kuosha muguu kila siku na maji safi, pole pole, mpaka katikati ya vidole. Kukausha vizuri, maana vidole vyenye maji ndiyo mwanzo wa shida. Kupaka mafuta, na pomade ya ukungu kama vidole vinawasha. Usiku, weka matafari chini ya kitanda upande wa miguu. Zungusha kifundo cha muguu mara kwa mara. Kama kuna kidonda, kisafishwe na kifunikwe na kitambaa safi. Kisipopona, au kikinuka, ni kazi ya muuguzi. Vidonge vya filaria vinavyogawiwa kwa watu wote vinazuia ugonjwa usienee, lakini havirudishi muguu uliokwisha kuharibika.

Mutu atasema haya ni mambo ya watoto. Huko Etiopia, utafiti uliotoka mwaka 2018 ulifuata wagonjwa karibu 700: wale waliofundishwa kuosha, kupaka mafuta, kufunga bandeji na kuvaa viatu walipata mashambulio machache kuliko wenzao.

Swali la kweli ni maji iko wapi. Yale ya kusafishia mawe hayafai kidonda, kila mutu anajua rangi yake. Ndiyo maana tunawaomba ba PDG na wenye kooperative: mu zile franga za shimo munazotoa kwanza, za chakula na betri za tochi, mutoe pia za sabuni na bidoni moja ya maji safi. Beya yake haifiki chupa za bia za siku ya kuuza. Saa ya kula, kila mutu avue mabuti, avae soksi kavu. Na mwenye muguu mubaya apewe kazi ya juu, kupima na kufunga mifuko, na sehemu yake ya makuta isipunguzwe. Kama anajua atafukuzwa, hatavua buti mbele yenu hata siku moja.