Maji ya Mzima na Mtoto wa Mmasai

Mwezi uliopita, baada ya sala ya isha, mlinzi wa mtaa wetu alinijia barazani akaninyoshea simu yake. Ni Mmasai wa upande wa Loitokitok, mtu wa makamo, na kwa miaka sasa analinda milango ya watu hapa Mombasa. "Maalim, nisomee," akaniambia. Nikausoma ujumbe. Shule ya sekondari anakosoma bintiye ilikuwa imemrudisha nyumbani kwa ajili ya karo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Wameandika mpaka lini?"

Hapakuandikwa mpaka lini. Swali lile limenikaa moyoni, na ndilo lililonishikisha kalamu leo.

Hebu tujiulize, ndugu zangu wa pwani, Mmasai ni nani kwetu? Tunamjua kwa shuka lake jekundu na rungu, kwa shanga anazowauzia wageni ufuoni na mizizi ya dawa anayotandaza sokoni. Sisi hulala yeye akiwa macho. Lakini nani kati yetu amewahi kumuuliza habari za wanawe?

Pengine mtu atasema, "Hayo ya Umasaini yanatuhusu nini?" Jawabu limo katika birika lake la udhu. Baadhi ya maji ya mji wa Mombasa, mbali na yale ya Baricho, Marere na Tiwi, hutoka chemchemi ya Mzima katika mbuga ya Tsavo Magharibi, na bomba la kuyaleta lilijengwa miaka ya 1950, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mzima nayo haijitoshi. Mvua hunyesha juu ya milima ya Chyulu, ikapenya katika mawe ya volkano, ikasafiri chini ya ardhi mpaka ikachimbuka pale. Na kando ya milima hiyo, upande wa magharibi, ndiko waliko Wamasai wa Kuku, Rombo na Mbirikani. Misitu ya Chyulu ikikatwa, hasara haitaishia Loitokitok. Itateremka na bomba mpaka kwetu.

Sisemi kwamba Mmasai afunzwe kumpenda mnyama. Hilo ni tusi. Watu hawa wameishi na ndovu na twiga miaka na miaka, na kwa mila yao nyama ya mwituni si chakula. Wameumizwa pia kwa jina la wanyama hao hao. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa na Laikipia. Mwaka 1974 Amboseli ikafanywa mbuga ya taifa, na vinamasi walikokuwa wakinywesha ng'ombe vikaingia ndani ya mpaka. Hata hivyo mbuga ile ni kilomita mraba 392 tu. Ndovu hawatoshei humo, hutoka wakatembea katika ardhi ya Wamasai.

Sasa ardhi hiyo inagawanywa. Ranchi za jumuiya zilizoanzishwa kwa sheria ya 1968 zinakatwa vipande, kila mtu na hati yake. Mwenye kipande asiyejua kusoma, aliyepoteza ng'ombe katika ukame wa 2021 na 2022, huletewa karatasi atie kidole gumba. Kesho yake ua unasimama, na njia ya ndovu imezibwa. Siku hizi mbuga haimalizwi kwa mkuki. Inamalizwa kwa kalamu. Basi na alindwe kwa kalamu.

Sisi wa pwani tusijifanye hatuyajui hayo. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, wangapi wetu walijikuta maskwota katika mashamba ya babu zao, kwa sababu mwenziwe aliijua karatasi na yeye hakuijua? Na wazee wetu nao waliziogopa shule za serikali, wakaficha watoto wasije wakapotezwa dini. Hofu ya Mmasai kwamba mtoto akisoma atamsahau ng'ombe na mzazi ni dada ya hofu ile.

Serikali iliondoa karo ya msingi mwaka 2003, na mwaka 2008 ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Lakini Umasaini shule ziko mbali, na mtoto hana budi kulala bweni. Bweni lina gharama yake, na sare ina gharama yake. Msichana akikaa nyumbani mihula miwili kwa kukosa karo, wa tatu hufika akiwa ameshaozwa.

Najua nitaambiwa kwamba Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu wamejaa watoto wetu waliokosa karo. Ni kweli, nao wana haki ya kwanza. Lakini haki ya jirani haingoji nyumba yetu ijae. Kamati ya mtaa inayosomesha watoto kumi haishindwi kumtia wa mlinzi wake awe wa kumi na moja. Kama itolewe katika zaka au sadaka, hilo nawaachia wanazuoni. Wahenga walikwisha sema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Ila tutoe kwa adabu. Tusimpige picha mtoto tukamtembeza kama bidhaa, wala tusimshike leo tukamwacha katikati ya njia. Na tusimuulize dini yake kabla ya kumpa kitabu.

Nilipokuwa chuoni nikiandika alifu kwenye ubao, baadhi yetu hatukuwa tukilipa ada. Mwalimu hakusema nani anatulipia. Tulilijua jina la mtu yule siku ya maziko yake, baada ya kuswaliwa. Mmoja wa watoto hao alikuwa mimi.

Baraza yetu imechanga, na yule binti amerudi darasani. Ni muhula mmoja tu. "Mpaka lini" bado ni deni. Nafunga kwa beti hii:

Maji ya mtungi wangu, yatoka mbali milima,
Ni neema yake Mungu, jirani huitazama,
Mwanawe kama wa kwangu, naye apate kusoma,
Asome kisha arudi, kwao kukae salama.